Ini la ndugu, ini la marehemu, au kuendelea na dawa: kulinganisha hatari kabla ya kuamua

Kikao chetu kilikaa sebuleni kwa babu, Tanga, baada ya swala ya isha. Shangazi alikuwa amelala chumba cha ndani, tumbo limejaa maji, macho ya manjano kama binzari. Baba mkubwa akasoma barua ya daktari: ini limesinyaa, mgonjwa apelekwe India, na mchangiaji atafutwe miongoni mwa ndugu. Mazungumzo yote yakawa ya pesa. Bibi alingoja tukamaliza, kisha akauliza: "Na huyo mzima atakayekatwa, akidhurika yeye, mkewe tutamwambia nini?"

Hatukuwa na jibu. Nawaandikia walio kwenye kikao kama kile sasa hivi. Mimi si daktari. Nimemuuguza shangazi kabla na baada ya kupandikizwa, na nimeuliza maswali mengi kuliko madaktari walivyopenda. Nilichojifunza ni kwamba ugonjwa wa ini ukishakomaa hakuna njia isiyo na hatari, ila kila njia inaiweka hatari mahali pake. Ukichukua ini la ndugu, sehemu ya hatari inahamia kwa mtu mwenye afya. Ukisubiri ini la marehemu, inahamia kwenye foleni. Ukibaki na dawa, inakaa palepale kwenye ini bovu. Basi familia ijue inaiweka wapi, na kwa nani.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiangalia kwa mambo manne: kinachoweza kumpata mgonjwa wakati wa kungoja, upasuaji na wiki za mwanzo, maisha ya baadaye, na watu wengine wanaoguswa. Kisha nimesema inamfaa nani.

Kabla ya yote mwombeni daktari namba moja, alama ya MELD. Inakokotolewa kutokana na vipimo vya kawaida vya damu: bilirubini, kreatinini inayoonyesha hali ya figo, INR inayopima kuganda kwa damu, na siku hizi sodiamu. Inaanzia 6 hadi 40, na kadiri inavyopanda ndivyo hatari ya kufa ndani ya miezi mitatu inavyokua. Kwa kawaida mgonjwa huanza kufikiriwa kupandikizwa akifika 15. Chini ya hapo upasuaji mara nyingi huwa wa hatari kuliko ugonjwa wenyewe, isipokuwa ana saratani ndogo ya ini, au shida ambazo namba hii haizioni, kama maji ya tumboni yanayorudi kila yakitolewa. Sisi tulikaa vikao viwili bila namba hii, na vyote viwili vilikuwa vya kubishana gizani.

Njia ya kwanza: kipande cha ini la ndugu aliye hai

Hii ndiyo wanayokutana nayo wengi wanaotoka Tanzania na Kenya. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini kwa ini walio wengi bado wanasafiri, na wengi wa hao huenda India. Kule utaratibu wa kugawa viungo vya marehemu unawaweka raia wao mbele, kwa hiyo mgeni hufika na ndugu yake. Ubalozi unatakiwa kuthibitisha undugu, kamati inawahoji mgonjwa na mchangiaji, na pakiwa na shaka hupimwa DNA. Hapo naomba mtulie kidogo. Kipimo hicho kinaweza kufichua jambo ambalo ukoo haukulijua kuhusu nani ni mtoto wa nani. Muulizeni mratibu wa hospitali mapema kama kitahitajika, na majibu wapewe wahusika wenyewe faraghani.

Kungoja. Hapa ndipo njia hii inapozizidi nyingine. Upasuaji unapangwa kwa tarehe, mgonjwa akiwa bado ana nguvu kidogo. Lakini msihesabu siku kabla mchangiaji hajakubaliwa. Wengi hukataliwa: kundi la damu halioani, ini lina mafuta, mishipa imekaa vibaya, au kipande hakitoshi. Kwa kawaida kipande kinatakiwa kiwe na uzito usiopungua takriban asilimia 0.8 ya uzito wa mpokeaji. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama gramu 560. Na mchangiaji abakiwe na angalau asilimia 30 ya ini lake. Hesabu hizo mbili zinavutana, na pengine ndugu aliyejitolea kwa moyo wote anarudishwa kwa sababu ya umbo lake tu. Kwetu alikataliwa kaka yake shangazi kwa mafuta kwenye ini. Alilia kama aliyefanya kosa.

Upasuaji na wiki za mwanzo. Kwa mpokeaji, shida inayoongoza ni mirija ya nyongo. Kipande kilichokatwa kina mirija myembamba, pengine miwili au mitatu badala ya mmoja, na kila maungio ni mahali panapoweza kuvuja au kubana. Makadirio ya kawaida ni kwamba kati ya wapokeaji 100 wa ini la aliye hai, 15 hadi 30 hupata tatizo la mirija. Kwa ini la marehemu ni kama 10 hadi 15. Hatari nyingine ni damu kuganda kwenye mshipa mkuu wa ini, jambo linaloweza kudai upasuaji wa haraka au ini jingine. Kipande kikiwa kidogo mno kinazidiwa na kazi: manjano hayashuki, maji yanaendelea kujaa. Faida iliyopo ni kwamba ini limetoka kwa mtu mzima wa afya na limekaa nje ya mwili muda mfupi, hivyo ni nadra kwake kukataa kuanza kazi kabisa.

Baadaye. Shangazi alirudi nyumbani anakula pilau, tukashukuru. Mwezi wa nne akaanza kujikuna. Alikuwa akijikuna viganja usiku kwa kitana, choo kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Ulikuwa mrija umebana. Ilibidi arudi India, wapitishe endoskopi, yaani mpira wenye kamera, kooni na kuweka stenti, kijibomba cha plastiki cha kuuweka mrija wazi, ambayo hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi mpaka mrija unyooke. Safari hizo hazikuwamo kwenye bajeti ya familia. Ziwekeni kwenye yenu.

Watu wengine wanaoguswa. Sasa nalirudia swali la bibi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mchangiaji mmoja kati ya 200 hadi 1,000 hufariki kwa sababu ya upasuaji. Anayetoa upande wa kulia, yaani kama asilimia 60 ya ini, yuko karibu zaidi na ile namba mbaya. Mzazi anayempa mtoto kipande kidogo cha kushoto, kama asilimia 20, yuko karibu na ile nafuu. Ukiacha kifo, takriban mmoja kati ya watatu hadi watano hupata tatizo fulani: nyongo kuvuja, maambukizi, damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni, ngiri kwenye kovu, au huzuni nzito, hasa mgonjwa akifariki baada ya yote. Mengi yanatibika. Ini lenyewe hukua tena kwa kiasi kikubwa ndani ya wiki chache hadi miezi michache.

Mchangiaji wetu alikuwa binamu yangu, mtoto wa kwanza wa shangazi. Wiki ya kwanza alikuwa akitaka kukohoa anakumbatia mto tumboni kwanza, anafumba macho, ndipo anakohoa. Mrija wa kutoa maji ulikaa ubavuni siku sita. Yeye ni fundi magari, na kwa miezi mitatu hakuruhusiwa kuinua kitu kizito. Nyumba yake iliishi kwa mchango wetu. Hakuna fomu ya hospitali iliyouliza hilo.

Inamfaa nani. Mgonjwa ambaye namba yake inapanda, asiye na foleni ya kuingia, na mwenye ndugu mwenye afya anayekubali bila kusukumwa. Inawafaa sana watoto, maana kipande cha mzazi kinatosha na hatari ya mzazi ni ndogo zaidi. Haiifai familia ambayo mchangiaji pekee ndiye pia anayewalisha wote na hapana mpango wa kuwatunza akilala.

Njia ya pili: ini la mtu aliyefariki

Ndiyo njia kongwe. Daktari wa upasuaji Thomas Starzl aliijaribu Denver, Marekani, mwaka 1963, na 1967 ndipo mgonjwa wake wa kwanza alipoishi zaidi ya mwaka. Leo ndiyo njia kuu Uingereza, Marekani, Kanada na Ulaya kwa jumla, kwa hiyo inawahusu zaidi ndugu zetu wanaoishi huko. Aliyeko Mwanza au Mombasa hana foleni ya kuingia. Na aliyekwenda London kutembelea wanawe haingii foleni moja na wakazi wenye haki ya matibabu.

Kungoja. Hapa ndipo hatari yote imejilundika. Ini haligawiwi kwa aliyetangulia kujiandikisha bali kwa hesabu ya uhitaji, na Uingereza huangalia pia nani atanufaika zaidi. Simu inaweza kulia wiki ijayo, au baada ya mwaka, au mgonjwa akazidiwa mno na kuondolewa kwenye orodha. Mwenye saratani ya ini yuko pabaya zaidi, kwa kuwa uvimbe haungoji. Vituo vingi bado vinaanzia kwenye kipimo alichokiweka daktari Mazzaferro wa Milano, Italia, mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au mitatu isiyozidi sentimita 3 kila mmoja. Ukivuka hapo foleni inaweza kufungwa.

Upasuaji na wiki za mwanzo. Kwa mpokeaji mtu mzima maungio huwa mepesi zaidi: ini ni zima, mirija na mishipa ni minene, na ukubwa si tatizo la mara kwa mara. Ila ini limekaa kwenye barafu kwa saa kadhaa, pengine aliyelitoa alikuwa mzee au mwenye mafuta kwenye ini. Ndiyo maana wapokeaji wachache, kama 1 hadi 5 kati ya 100, hupata ini lisiloanza kazi kabisa, na hao huhitaji jingine ndani ya siku. Maini yanayochukuliwa baada ya moyo kusimama, badala ya baada ya kifo cha ubongo, huharibika mirija ya nyongo zaidi. Vituo vingi sasa vina mashine zinazolilisha ini damu au kimiminika chenye oksijeni nje ya mwili, nazo zinapunguza madhara hayo. Daktari akikupigia simu usiku, una haki ya kuuliza ini ni la aina gani na limekaa nje saa ngapi.

Baadaye. Haitofautiani sana na njia ya kwanza. Ila mirija husumbua kidogo kuliko kwenye njia ya kwanza.

Watu wengine wanaoguswa. Hakuna ndugu anayekatwa, na hilo ni jambo kubwa. Uzito unabaki kwa familia ya marehemu, ambao huulizwa saa ile ile ya msiba. Kwa Waislamu wanaohangaika na swali hili, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1988 na likaruhusu kuchangia viungo kwa masharti, kutoka kwa aliye hai na kwa marehemu pia. Mzungumzeni na sheikh wenu mkiwa na karatasi ya daktari mkononi, asije akajibu swali ambalo hamkuuliza.

Inamfaa nani. Mkazi wa nchi yenye mfumo huo, anayeishi karibu na kituo na kupokea simu saa yoyote, na asiye na ndugu anayefaa, au ambaye hataki mwanawe akatwe kwa ajili yake. Msimamo huo wa mwisho nimeusikia kwa wazee wengi. Ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu na uheshimiwe.

Njia ya tatu: kuendelea na tiba bila kupandikizwa

Watu huizungumzia njia hii kana kwamba ni kukata tamaa. Si kweli kwa wagonjwa wote, na kwetu Afrika Mashariki inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko kwingine, kwa sababu ya vyanzo vya magonjwa yetu.

Chukua homa ya ini B, ambayo imeenea kwetu. Kidonge kimoja cha tenofovir kwa siku kinakizuia kirusi, na kuna wagonjwa waliofika wakiwa na maji tumboni ambao ini lao limepata nafuu hadi safari ya kupandikizwa ikaahirishwa. Homa ya ini C inatibiwa ikapona, mara nyingi kwa wiki 12 za vidonge. Aliyeharibiwa na pombe akiacha kabisa, miezi michache inaweza kumbadilisha. Na kuna kichocho, ugonjwa wa watu wa kando ya ziwa. Kichocho cha tumbo hufanya makovu kuzunguka mishipa inayoingia kwenye ini, presha inapanda, mishipa ya koo la chakula inavimba, mtu anatapika damu beseni zima. Ukoo mzima unaamini ini limekwisha. Kumbe chembe za ini mara nyingi bado zinafanya kazi vizuri, na anachohitaji ni endoskopi ya kufunga mishipa hiyo kwa mipira, propranolol ya kushusha presha ya mishipa hiyo, na prazikwanteli ya kuua minyoo ya kichocho. Kumuuzia shamba mgonjwa wa namna hiyo ili apandikizwe ini kabla chanzo hakijajulikana ni hasara ninayotamani familia zote ziepuke.

Kungoja. Mgonjwa hangoji upasuaji, lakini anaishi na hatari ya kila siku: kutapika damu, maji ya tumboni kuingia wadudu, figo kufeli, kuchanganyikiwa kwa sumu ambayo ini limeshindwa kuiondoa, na saratani inayokua kimya. Ini likishafika hatua ya maji tumboni na kuchanganyikiwa, na chanzo hakitibiki, wastani wa kuishi unatajwa kuwa kama miaka miwili.

Matibabu na madhara yake. Hakuna kisu kikubwa, lakini kuna kazi: ultrasaundi kila miezi sita kutafuta uvimbe, kufungwa mishipa kwa endoskopi, kutolewa maji, laktulosi ya kulainisha choo ili kichwa kibaki safi. Na makatazo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu zinanunuliwa dukani kama karanga, zinaweza kuua figo za mgonjwa huyu. Dawa za mitishamba zisizojulikana ni vivyo hivyo.

Baadaye, na watu wengine. Gharama inagawanyika kidogo kidogo na hakuna mzima anayekatwa. Anayechoka ni yule anayeuguza, na kwa kawaida ni binti mmoja wa nyumba ile ile.

Inamfaa nani. Mwenye MELD ya chini, mwenye chanzo kinachotibika ambacho bado hakijapewa muda, mwenye kichocho, na pia yule ambaye moyo, mapafu au saratani iliyosambaa imefanya upasuaji kuwa hatari kuliko faida. Kwa huyu wa mwisho, tiba ya kupunguza maumivu na kukaa na watu wake ni tiba kamili.

Jambo linalowahusu wote waliopandikizwa

Iwe ini la ndugu au la marehemu, vituo vizuri huona karibu wapokeaji 90 kati ya 100 wakiwa hai baada ya mwaka, na kama 75 baada ya miaka mitano. Kinachoamua mengi ni dawa za kushusha kinga ya mwili, tacrolimus ikiongoza. Bila hizo mwili unalikataa ini. Nazo hizo hizo zinachosha figo, zinapandisha sukari na presha, zinatetemesha mikono, na zinafungua mlango kwa maambukizi. Simu ya shangazi inalia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, hata harusini.

Kwa mazingira yetu kuna mambo ambayo karatasi za kule India hazikuyasisitiza. Rifampisini ya kifua kikuu inashusha tacrolimus ghafla mpaka ini linaweza kukataliwa, kwa hiyo TB ichunguzwe kabla ya safari, na ikija baadaye daktari wa TB na wa ini wazungumze siku hiyo hiyo. Klarithromisini na baadhi ya dawa za fangasi hufanya kinyume: zinaipandisha dawa hadi kuwa sumu. Balungi pia, tunda na juisi yake. Chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai, yaani ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na haitolewi baada ya kupandikizwa, na India inaweza kukitaka cheti chake kwa anayetoka kwetu. Mgonjwa na daktari walipange hilo mapema, kabla ya tarehe ya upasuaji. Homa yoyote ya mpokeaji, hata kama mtaa mzima una malaria, ni ya kupimwa siku hiyo hiyo.

Ukiwa katika hali hii

Mtoto mchanga wa zaidi ya wiki mbili bado ana manjano na choo ni cheupe: kimbieni hospitali kubwa leo. Kama mirija ya nyongo imeziba tangu kuzaliwa, kuna upasuaji wa Kasai unaofaa zaidi kabla ya siku 60, na unaweza kuahirisha au kuepusha kupandikizwa. Ukishindikana, kipande cha mzazi ndiyo njia ya kufikiriwa, mkijua kwamba mishipa ya mtoto ni midogo na damu huganda kwa urahisi zaidi.

Ini limekufa ghafla kwa mtu aliyekuwa mzima, kwa sumu, dawa au homa ya ini, na ameanza kuchanganyikiwa: muda ni wa saa na siku. Aliyeko Ulaya au Marekani Kaskazini hupandishwa juu ya foleni. Aliyeko kwetu, swali la kwanza ni kama anaweza kustahimili ndege, na jibu la kweli pengine ni hapana.

Saratani iliyo ndani ya kipimo cha Milano na ini bovu chini yake: pimeni wachangiaji mara moja, na mwulizeni daktari tiba ya kuuzuia uvimbe wakati mnangoja.

MELD chini ya 15 na chanzo kinatibika: tibuni chanzo, pimeni tena baada ya miezi mitatu, pesa za safari ziacheni benki.

MELD juu ya 20, chanzo kimetibiwa na hali inashuka, mnaishi Afrika Mashariki: ndugu aliye hai ndiye njia iliyo wazi. Hesabuni pia dawa za maisha, safari ya pili, na miezi mitatu ya mkate wa nyumba ya mchangiaji.

Na kama ndugu aliyechaguliwa na kikao anasitasita, amejifungia simu yake, anajibu kwa mkato: apewe nafasi ya kuonana na daktari wa mchangiaji peke yake, bila baba wala kaka mlangoni. Vituo vinavyofanya kazi kwa uadilifu vina daktari wa mchangiaji aliye mbali na timu ya mgonjwa, na mchangiaji akisema hataki, ukoo huambiwa tu kwamba vipimo havikuruhusu. Binamu yangu alipewa nafasi hiyo mara mbili. Mara ya pili alitoka, akampigia mkewe simu koridoni, wakazungumza karibu saa nzima, ndipo akarudi ndani kutia saini.